Mzee wa Kagera si lazima awe mstaafu

Mshereheshaji alikuwa na nia njema kabisa. Alishika kipaza sauti, akaomba ukumbi mzima usimame, akasema: "Leo tunaye mstaafu wetu wa jeshi, shujaa aliyelinda uhuru tunaojivunia. Makofi tafadhali!" Makofi yakapigwa. Babu aliyetajwa akainuka taratibu kwa mkongojo, akangoja watu watulie. "Asante mwanangu," akasema. "Ila mimi sikustaafu. Niliitwa, nikaenda, nikarudi shambani." Akakaa. Watu wakacheka wakidhani anatania.

Hakuwa anatania, nami nimelisikia kosa hilo mara nyingi mno. Kila Julai inapokaribia linaongezeka: kila mwenye mvi aliyewahi kushika bunduki anaitwa mstaafu, halafu kwa pumzi hiyohiyo anaitwa shujaa, na siku hizi anaitwa hata veterani.

Maana yenyewe ni fupi. Mstaafu ni mtu aliyemaliza ajira kwa utaratibu, ama umri umefika ama muda wa utumishi umekwisha, na kwa kawaida ana kiinua mgongo au pensheni yake. Mstaafu wa jeshi ni huyohuyo, mwajiri wake akiwa jeshi. Anaweza kuwa alikuwa mpishi, fundi wa magari au mhasibu, asisikie risasi ya adui hata siku moja, na bado ni mstaafu wa jeshi halali kabisa. Na mtu anaweza kupigana vita mwanzo hadi mwisho asiwe mstaafu wa chochote.

Neno lenyewe linasema hivyo ukilisikiliza. Kustaafu tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru wa kuacha kazi. Mzizi wake ndio uleule wa afu, yaani msamaha, na ndio uliotupa afya. Kwa hiyo ndani ya mstaafu kuna ombi na kuna ruhusa: mtu amefika mbele ya mkubwa wake, akaomba aachiliwe, akaachiliwa. Ni neno la ofisini, lenye faili na muhuri.

Sasa mlinganishe na huyu babu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, yakashika eneo la kaskazini ya mto, na mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Uwezo huo haukuwa wanajeshi wa kudumu peke yao. Walikwenda polisi, walikwenda magereza, walikwenda vijana wa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, na walikwenda mgambo, maelfu kwa maelfu, watu waliotoka kwenye majembe na nyavu. Kampala iliangukia mikononi mwao tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha, wengi wa hao mgambo walirudi walikotoka. Nani aliwastaafisha? Hawakuwa na ajira ya kustaafu.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu neno mgambo tumelidhulumu kuliko yote. Leo ukisema mgambo mjini, mtu anawaza kukimbizana na machinga, meza za nyanya zikipinduliwa na mizani ikitupwa kwenye karandinga. Lakini mgambo wa asili si mtu. Ni tangazo, ni wito wa hadhara. Ndiyo maana wahenga wakasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni ile pembe inayopulizwa ili watu wakusanyike. Mgambo ni ile habari iliyofanya pembe ipulizwe. Baadaye jina la wito likahamia kwa walioitika. Babu alipotuambia "niliitwa, nikaenda" alikuwa ametafsiri neno mgambo kwa usahihi kuliko kamusi nyingi, na sisi tukacheka.

Shujaa nalo lina mkanganyiko wake. Kwa asili ni Kiarabu pia, na maana yake ni mtu jasiri, basi, awe hai au marehemu. Wakenya wanalitumia hivyo: Siku ya Mashujaa yao, tarehe 20 Oktoba, inawaenzi hata walio hai, na wanariadha wamo. Kwetu Tanzania tarehe 25 Julai ni kumbukumbu ya mashujaa, na hilo neno la mbele ndilo linalobadilisha kila kitu. Pale mnarani panawekwa mkuki na ngao, sime, na shada la maua, kwa ajili ya waliokufa, pamoja na wale waliolala kwenye makaburi ya Kaboya kule Muleba. Ndiyo maana wazee wengine wanasita ukiwaita shujaa siku hiyo. Unawaweka upande ambao bado hawajafika, na wenzao waliofika huko wanawajua kwa majina.

Kuhusu veterani sitasema mengi. Limetoka Kilatini, kwa maana ya aliyezeeka kazini, na kwa Warumi lilikuwa askari aliyemaliza muda wake jeshini akapewa ardhi au fedha. Yaani nalo, kwa asili yake, liko karibu na mstaafu kuliko mpiganaji. Mtaani kwetu veterani ni mtu mwenye kitambi anayecheza mpira Jumapili asubuhi. Mimi ningeliacha hukohuko uwanjani. Mkongwe si baya, ila linapima umri na halisemi mtu alifanya nini. Hata mbuyu ni mkongwe. Na kujitoa mhanga, ambalo zamani lilikuwa heshima kubwa, redio imelivalisha mabomu kiasi kwamba sithubutu kulisema mbele ya mzee wa watu.

Mpigania uhuru je? Hapana, huyo ni mwingine. Tanganyika ilipata uhuru wake mwaka 1961 bila vita, na tunaowaita wapigania uhuru wenye bunduki, kama wale wa FRELIMO ya Msumbiji waliofanya mazoezi Kongwa, Dodoma, walikuwa wanautafuta uhuru wa nchi zao. Waliokwenda Kagera waliukuta uhuru upo, wakaulinda usichukuliwe. Kupigania na kulinda ni vitenzi viwili, na shukrani zake pia ni mbili.

Mshereheshaji wetu, kwa sifa yake, hakuliacha jambo lipite. Baada ya chakula nilimwona ameinama pembeni ya kiti cha babu.

"Shikamoo babu. Samahani kwa pale. Sasa nikuiteje?"

"Marahaba. Sema huyu alipigana Kagera."

"Basi?"

"Ukitaka kuongeza, niulize nilikuwa brigedi gani. Hilo hakuna aliyeniuliza tangu tukae."

Kijana akavuta kiti, akamuuliza.