Hoteli Kubwa Katikati ya Nairobi na Vivutio vya Jirani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mgeni anayefikia hoteli kubwa katikati ya Nairobi huja na hesabu ya kilomita mkononi. Hifadhi ya wanyama kilomita saba, jumba la makumbusho umbali wa kutembea, twiga wako pale Langata. Kwenye karatasi kila kitu kinaenea katika siku moja na nafasi inabaki. Kinachovuruga ratiba ni saa za malango, upande wa barabara lango lilipo, na namna ya kulipa. Dhana nyingi zilizo hapa chini zimewagharimu watu nusu siku ya safari, na zote zinaepukika mkijiandaa jioni ya kuamkia siku yenyewe.

"Hifadhi iko karibu, nitakunywa chai hotelini kisha niende"

Ni kweli kwamba Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, iko takribani kilomita saba kutoka katikati ya jiji. Lakini lango kuu liko Langata Road, na kwa gari utaenda kama kilomita kumi. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Simba na wenzake huonekana vizuri katika saa mbili tatu za kwanza. Jua likishapanda hulala vichakani na utabaki kutazama nyasi. Kiamshakinywa katika hoteli nyingi za mjini huanza saa kumi na mbili na nusu. Ukikingoja, ukala na kushuka kutafuta gari, saa nzuri zimekupita.

Kwa hiyo ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wakati huo magari yanaanza kumiminika kuingia mjini na wewe unatoka, basi barabara iko upande wako. Jioni mambo hugeuka: kuanzia saa kumi Langata Road hujaa watu wanaorudi nyumbani, na safari ya nusu saa inaweza kuwa ya saa moja na nusu.

Maandalizi yote hufanywa usiku uliotangulia. Fungua akaunti ya eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia huduma mtandaoni, ulipie tiketi humo, kwa sababu langoni hawapokei noti. Utahitaji namba ya kitambulisho au pasipoti. Gari nalo hulipiwa kwa idadi ya viti, kwa hiyo muulize dereva gari lake lina viti vingapi kabla ya kujaza. Hifadhi tiketi kwenye simu kama picha, kwani mtandao unaweza kukukwamia pale langoni. Mwananchi wa Kenya asisahau kitambulisho chenyewe: bei ya mwananchi hutolewa kwa kitambulisho, na kuongea Kiswahili safi hakutoshi.

Halafu waambie mapokezi, kabla jikoni hawajafunga, wakufungie kiamshakinywa cha kubeba. Hapa pana jambo dogo linalowakwamisha wengi. Mfuko ule kwa kawaida huja na sandwichi, yai la kuchemsha, ndizi au chungwa, na chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, pengine pamoja na uma wa plastiki na mrija. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa za Kenya. Askari wa lango akiiona chupa, utaiacha pale pale. Chukua chupa ya chuma au ya kioo, ijaze hotelini, na uwaambie jikoni wafunge chakula kwa karatasi. Wanaotoka nje ya Kenya wakumbuke pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchi nzima mwezi Agosti 2017.

Gari dogo la kawaida hupita barabara kuu za hifadhi wakati wa kiangazi. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, udongo mweusi wa tambarare ile hunata kama ugali mbichi, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu yote manne litazama. Ukikwama, usishuke kulisukuma. Kaa ndani na upige simu ya hifadhi iliyo kwenye tiketi au langoni. Uinakili kabla hujaingia.

"Nilishaenda Park nikaona simba, chui na ndovu"

Sentensi hii huchanganya sehemu nne tofauti, na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuliko yote.

Ya kwanza ni hifadhi yenyewe: kilomita za mraba 117 za mbuga wazi, zenye ua upande wa jiji na upande wa kusini ukiachwa wazi ili wanyama wapite kuelekea Kitengela. Humo mna simba, chui, nyati na vifaru, weusi na weupe. Ndovu hamna. Mwongozaji akikuahidi wale wakubwa watano wote ndani ya Hifadhi ya Nairobi, anakuuzia kisichokuwepo.

Ya pili ni Nairobi Animal Orphanage, kituo kilicho pale pale lango kuu, chenye wanyama katika mabanda. Ya tatu ni Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa ambayo unaitembea kwa miguu huku ukitazama wanyama waliozungushiwa ua. Kila kimoja kina tiketi yake. Watu wengi waliopelekwa na shule wakiwa wadogo waliishia katika mabanda haya, na hadi leo wanaamini walizunguka hifadhi.

Ya nne ni kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick Wildlife Trust. Hapa makosa ni mawili. Moja, watu wanakwenda lango kuu la Langata Road, ilhali njia ya kuingilia kituo hiki iko upande wa Magadi Road. Ukigundua kosa saa tano kasoro dakika kumi, umeshachelewa. Pili, wanadhani pako wazi kutwa nzima. Wageni wa kawaida hupokelewa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita mchana, na ni lazima uwe umeweka nafasi mapema. Ndovu wale si wa kufugwa. Ni watoto waliopoteza mama zao, wananyweshwa maziwa kwa chupa, na wakikua huhamishiwa maeneo kama Tsavo wajifunze kuishi mwituni. Saa moja ile imewekwa kwa ajili yao, ili wasizoee kelele za watu, na mgeni anayelalamika kuwa muda ni mfupi hajafikiria mtoto wa ndovu anahitaji nini.

Mkitaka kuunganisha, fanyeni hivi: hifadhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne kasoro, mtoke kupitia upande ulio karibu na Magadi Road, ndovu saa tano, kisha mchana twiga wa Langata na mtaa wa Karen. Mkirudi hotelini katikati ya mji kubadilisha nguo, mpango wote umekufa.

"Kwenye twiga ndiko wanapoingiza kichwa dirishani wakati wa kiamshakinywa"

Hiyo ni hoteli, Giraffe Manor, na picha zile ni za wanaolala pale. Giraffe Centre iko jirani yake, ilianzishwa na Jock na Betty Leslie-Melville kwa ajili ya kuwanusuru twiga aina ya Rothschild, na yeyote anaingia kwa tiketi yake. Unapewa chakula cha vidonge vilivyobanwa, unapanda jukwaa lenye urefu wa kichwa cha twiga, unamlisha.

Mlishe kidonge kimoja kimoja, kiganja kikiwa wazi mbele ya mdomo wake. Kosa linaloumiza watu ni kusimama ubavuni mwa kichwa ukitaka kupiga picha huku mkono ni mtupu. Twiga asiyepewa kitu hurusha kichwa pembeni, na kichwa kile ni kizito kama nyundo. Mzazi aliye na mtoto amshike na asimpe mgongo mnyama.

Ukitoka hapo, nyumba ya Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, iko katika mtaa wa Karen. Ilijengwa mwaka 1912, naye aliishi pale hadi aliporejea Denmark mwaka 1931. Kwa kutazama nyumba na vifaa vya shamba la kahawa, saa moja inatosha.

"Katikati ya mji hakuna cha kuona"

Hili linatuuma zaidi, kwa sababu mgeni aliyelipia hoteli ya katikati amelipia hasa kile anachokipuuza.

Jengo la KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Kenyatta, lilifunguliwa mwaka 1973. Lina ghorofa 28, na paa lake la kutulia helikopta hupandwa na mgeni yeyote mwenye tiketi na kitambulisho. Si lazima uwe na mkutano. Panda asubuhi hewa ikiwa safi, utaona vilima vya Ngong upande mmoja na hifadhi upande mwingine. Kutoka hapo, Bustani ya Kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998 iko kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, mahali uliposimama ubalozi wa Marekani uliolipuliwa. Ukuta una majina ya waliokufa. Ingia kwa utulivu. Bado wako wanaokuja kusoma jina la mtu wao.

Makumbusho ya Reli yako nyuma ya stesheni. Karibu kila mwongozaji wa mtaani atakuambia lile behewa la kale ni la simba wala watu wa Tsavo. Sivyo. Simba wawili wa Tsavo waliuawa na Patterson, mhandisi wa ujenzi wa reli, mwezi Desemba 1898, na leo wako katika jumba la Field Museum, Chicago. Behewa la Nairobi linahusu tukio jingine: mwaka 1900, katika stesheni ya Kima huko Ukambani, ofisa wa polisi aitwaye Ryall alikuwa akimvizia simba kutoka ndani ya behewa, usingizi ukampitia, simba akaingia na kumtoa dirishani. Simama karibu na dirisha lile ulipime kwa mikono yako. Ni dogo, na ndipo unapoelewa nguvu ya mnyama yule.

Upande wa kaskazini, Harry Thuku Road inapita mbele ya hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904. Barabara ilipewa jina hilo kwa sababu mwezi Machi 1922 umati uliokuwa ukidai Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, aachiliwe kutoka kituo cha polisi ulipigwa risasi hapo karibu. Kutoka hapo, Jumba la Makumbusho la Taifa ni mwendo mfupi wa miguu. Ndovu mkubwa aliyesimama uani hakujazwa pamba. Ni sanamu ya fibaglasi ya Ahmed wa Marsabit, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais na ambaye alikufa mwaka 1974. Jumba hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Lina bei tatu: ya Mkenya, ya mkazi wa Afrika Mashariki na ya mgeni wa mbali, kwa hiyo Mtanzania au Mganda aje na pasipoti au kitambulisho chake asije akalipishwa kama aliyetoka Ulaya.

"Tukutane Hilton"

Mnara wa duara bado upo, na makondakta wa matatu bado wanalitaja jina. Lakini hoteli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilifunga milango mwishoni mwa Desemba 2022. Ukielekezwa "hapo Hilton", ni alama ya njia, si mahali pa kuomba chumba.

"Hoteli imenikata pesa mara mbili"

Mara nyingi haijakata. Unapoingia, mapokezi hupitisha kadi na kuiambia benki ishike kiasi fulani kama dhamana ya vinywaji na chakula. Pesa hazijaondoka, ila huwezi kuzitumia. Ukilipa bili kwa njia nyingine, kile kilichoshikwa hubaki kimeshikwa hadi benki ikiachilie, na kwa kadi inayokata akaunti yako moja kwa moja (debit) huchukua siku kadhaa. Namna ya kuepuka: uliza kiasi kabla kadi haijapita, na siku ya kuondoka omba bili ifungwe kwa dhamana ile ile au dhamana ifutwe papo hapo, nawe upewe karatasi.

Uliza pia kama bei uliyotajiwa imejumlisha VAT ya 16%, tozo ya utalii ya 2% na malipo ya huduma. Bei ikiwa kwa dola, uliza hoteli inageuza kwa kiwango gani leo. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya kwenu, chagua shilingi; ukichagua sarafu ya kwenu, kiwango kitapangwa na mashine na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako.

"Nairobi iko ikweta, nitaogelea jioni"

Jiji liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na bwawa la kuogelea lisilopashwa moto huwa baridi hata mchana. Uliza kama linapashwa moto. Wanaotoka Mombasa, Dar es Salaam au Unguja waje na sweta, na waombe blanketi la pili mapema. Kwenye gari la wazi la kutazamia wanyama, saa kumi na mbili ile ya asubuhi, kikoi hakitoshi.

Na ukimwagiza dereva kwa ujumbe wa simu, andika "05:30" pamoja na "saa kumi na moja na nusu alfajiri". Ukiandika "saa tano na nusu" peke yake, atakuja wakati ndovu wa Sheldrick wameshaanza kunywa maziwa.