Mwelekeo wa kijinsia: mtu huzaliwa nao au huuchagua?

Fungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version, 1 Wakorintho 6:9. Katika orodha ya wasiorithi ufalme wa Mungu utawakuta “wafiraji” na “walawiti”. Maneno yote mawili yanamtaja mtu kwa alichotenda. Mlawiti ni aliyelawiti, kama mwizi alivyo aliyeiba. Anayevutiwa na watu wa jinsia yake lakini hajawahi kumgusa yeyote hana jina humo, na hata mtaani ni vigumu kumpatia jina lisilo tusi. “Shoga”, ambalo wanawake wa pwani wameitana miaka na miaka kwa maana ya rafiki, siku hizi limebebeshwa hisia na tendo kwa pamoja. Basi watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya “ushoga”, mmoja akisema jambo la moyoni, mwingine la kitandani.

Mwelekeo wa kijinsia ni istilahi ya kutenganisha hayo mawili. Maana yake ni mvuto wa kimapenzi na wa kimwili unaodumu ndani ya mtu, uwe kwa jinsia nyingine, kwa jinsia yake au kwa zote mbili, hata kama hafanyi lolote. Mtawa aliyeweka nadhiri ana mwelekeo. Kijana ambaye hajawahi kuwa na mchumba anao. Baba wa watoto wanne anaweza kuwa na mwelekeo usiolingana na ndoa yake.

Dhana yenyewe ni changa. Neno lililozaa istilahi hizi Ulaya, “homosexual”, lilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1869, na mtunzi wake alikuwa Karl-Maria Kertbeny. Liliingia katika Biblia ya Kiingereza mwaka 1946, tafsiri ya Revised Standard Version, katika mstari uleule wa Wakorintho. Toleo la 1971 likaliondoa. Paulo mwenyewe aliandika kwa Kigiriki “malakoi”, yaani walio laini, na “arsenokoitai”, neno lililoungwa kwa “mwanamume” na “kitanda”. Wataalamu bado wanavutana kuhusu upana wa maana yake, ila wengi wanakubali kwamba linahusu tendo.

Sasa swali la kuzaliwa. Mwaka 1991 Michael Bailey na Richard Pillard walichunguza mapacha wanaume nchini Marekani. Pale ambapo mmoja alikuwa shoga, pacha wake wa kufanana alikuwa hivyo pia kwa asilimia 52. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa asilimia 22. Kama ni kurithi tu, ingekuwa 100 kwa hao wa kwanza, kwa kuwa jeni zao, yaani chembe za urithi, ni zilezile. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa watu karibu nusu milioni ulionyesha kwamba hakuna jeni moja ya ushoga. Zipo nyingi, kila moja na mchango mdogo. Tena, washiriki waliulizwa kama wamewahi kulala na mtu wa jinsia yao. Tendo tena! Hata maabara imeshindwa kulikwepa.

Wengi husikia “hakuna jeni moja” wakaruka hadi “basi wamechagua”. Hapo ndipo hoja inapokatika. Hukuzaliwa ukijua Kiswahili. Ulikipata kwa mama na majirani. Lakini hukukichagua, na leo ukiamua kuacha kukielewa hutaweza. Jambo linaweza kuwa si la kuzaliwa nalo na bado lisiwe la kuchagua.

Mruko huo umewahi kufika ikulu. Mwaka 2014 Rais Museveni aliwauliza wanasayansi wa Uganda kama watu huzaliwa mashoga. Walijibu kwamba jeni maalumu haijapatikana, na pia kwamba huo si ugonjwa. Yeye alishika sehemu ya kwanza, akatia saini sheria dhidi ya ushoga mwezi Februari. Mahakama ya Katiba iliifuta mwezi Agosti kwa kuwa akidi ya Bunge haikutimia. Nyingine ikaja mwaka 2023.

Kwa kweli, mafundisho ya makanisa mengi hayakujengwa juu ya swali hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 ilisema watu hawa hawaichagui hali yao. Sentensi hiyo iliondolewa katika toleo la Kilatini la 1997, ikaja lugha ya mwelekeo “usio na mpangilio”. Hata hivyo fundisho halikusogea: tendo ni dhambi, mtu apokelewe kwa heshima, chanzo cha mwelekeo bado hakijaelezeka. Maaskofu wa Anglikana waliokutana katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998 walipita njia hiyohiyo kwa kura 526 dhidi ya 70. Walikiri kwamba miongoni mwao wapo wenye mwelekeo huo, wakakataa tendo.

Kwa upande wa pili, Askofu Mkuu Desmond Tutu alilifanya swali hili kuwa msingi. Aliufananisha mwelekeo na rangi ya ngozi: kumwadhibu mtu kwa jambo asiloweza kulibadili ni ubaguzi uleule alioupiga vita. Hoja yake ina nguvu, ila inamtegemea msikilizaji akubali kwamba halibadiliki.

Je, hubadilika? Shirika la Kikristo la Exodus International lilianza Marekani mwaka 1976 likiahidi mabadiliko. Kiongozi wake, Alan Chambers, alikiri mwaka 2012 kwamba asilimia 99.9 ya aliokutana nao mwelekeo wao haukubadilika. Mwaka uliofuata aliomba radhi hadharani, shirika likafungwa. Mimi naona ushahidi huo, uliotoka kwa mtu wa ndani, ni mzito kuliko jeni zote.

Wapo Wakristo walioishi baada ya hapo bila ndoa, wakikubali fundisho la zamani na wakikiri wazi kwamba wao ni mashoga. Wahafidhina huwauliza kwa nini wanang’ang’ania jina hilo, na waliberali huwauliza kwa nini wanang’ang’ania useja.