Ujumbe wa kuhimiza kinga ni nini?

Ni meseji fupi ya simu inayotumwa na wizara, kliniki au mradi wa afya ili mtu afanye jambo fulani la kujikinga: anawe mikono, avae barakoa, akachanje, asitoke nyumbani akiwa na homa. Neno zito hapo ni "afanye". Tangazo la kueleza kirusi ni kitu gani ni elimu ya afya. Ujumbe wa kuhimiza humfuata mtu ambaye mara nyingi elimu hiyo anayo tayari, ila bado hajanyanyuka.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania siku tatu baadaye. Haukupita muda, hata watoto wakawa wanaimba maji tiririka na sabuni. Lakini kulijua jambo ni kimoja, na kulikumbuka saa kumi na mbili jioni, umeshuka kwenye daladala na njaa inakuuma, ni kingine. Meseji imeundwa kwa ajili ya saa hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Kenya, wa miaka kumi kabla ya Korona, na unahusu janga jingine: UKIMWI. Watafiti walichukua watu wazima 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi katika kliniki tatu, wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Jingine lilitumiwa meseji kila wiki, na meseji yenyewe ilikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwenye kundi la meseji, na asilimia 50 kwenye lile jingine. (Na hii ni kinga hasa, kwa sababu mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.)

Tazama kisichokuwemo kwenye ujumbe ule. Hakuna "dawa", hakuna "virusi", hakuna jina la ugonjwa. Kitochi cha nyumbani hupita mikononi mwa mume, shemeji na mtoto anayetaka kucheza gemu, na yeyote atakayesoma "Mambo?" ataona salamu tu. Aliyebuni hilo alizijua nyumba zetu.

Kwa hiyo tukituma kila siku itafaa zaidi? Hapana. Utafiti mwingine, wa magharibi mwa Kenya, uliwatumia wagonjwa wa dawa hizohizo ukumbusho kwa vipindi tofauti. Kati ya waliokumbushwa mara moja kwa wiki, asilimia 53 walitumia angalau asilimia 90 ya dozi zao, ilhali wasiokumbushwa walikuwa asilimia 40. Ukumbusho wa kila siku haukuleta nafuu yoyote ya maana. Simu ikilia kila asubuhi kwa jambo lilelile, sikio huizoea kama linavyozoea jogoo wa jirani.

Wakati wa Korona yenyewe, jaribio kubwa lilifanyika India, jimbo la West Bengal, Mei 2020. Watu milioni 25 walitumiwa SMS yenye kiungo cha video ya kama dakika mbili na nusu, ambamo Abhijit Banerjee, mshindi wa Nobeli ya uchumi ya 2019 aliyekulia Kolkata, alizungumza nao kwa Kibengali. Kumbuka kwamba wakati huo India nzima ilikuwa imeshachoshwa na matangazo. Hata ukimpigia mtu simu, kabla haijaita ulisikia kikohozi na onyo. Hata hivyo waliotoa taarifa za dalili kwa wahudumu wa afya wa jamii waliongezeka takriban mara mbili, na tabia za kujikinga zilibadilika hata kwa majirani ambao simu zao hazikupata kitu. Mimi nasoma hapo nguvu ya msemaji: ni mtu wa kwao. Huku kwetu, ujumbe kutoka namba ngeni huwekwa kapu moja na "ile hela tuma kwenye namba hii".

Kuna pia suala la nafasi. SMS moja hubeba herufi 160, alama na nafasi zikihesabiwa. Kiswahili kina bahati, maana herufi zake zote zimo kwenye orodha ya msingi ya herufi za simu. Kiamhari cha Ethiopia, chenye maandishi yake ya pekee yasiyomo kwenye orodha hiyo, hubakiwa na 70. Bahati hiyo hupotea kwa kosa dogo: mwandishi akinakili "ng'ombe" kutoka kompyuta iliyopinda ile alama ya ng', alama hiyo iliyopinda haimo kwenye orodha, basi ujumbe wote hushuka hadi 70, unakatwa vipande, na gharama inapanda.

Jambo ambalo meseji haiwezi ni kuleta maji. Nyumba inayonunua maji kwa ndoo inajua sana kwamba mikono inaoshwa. Inachopiga hesabu ni ndoo ipi ya kupikia na ipi ya kunawia. Mfumo wa "Mambo?" ungepokea jibu la "Shida" na mtu angepiga simu kuuliza shida gani. Lakini ujumbe wa jumla unaotoka kwa jina badala ya namba kwa kawaida hauna njia ya kurudi: ukiandika jibu na kubonyeza tuma, simu inakwambia imeshindikana.