Je, wajua kwa nini sentensi ya maneno 300 haikumchosha msomaji?

Walimu wa uandishi huonya kwamba sentensi ndefu humpoteza msomaji. Ilikuwaje basi Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za Wamarekani Weusi, akaandika sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300, nayo ikawa miongoni mwa zinazokumbukwa zaidi katika barua yake?

Barua yenyewe aliiandika akiwa gerezani Birmingham, Alabama, Aprili 1963. Alikuwa amekamatwa katika maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi, na viongozi wanane wa dini, Wazungu wote, walikuwa wametoa tamko kwamba maandamano yale hayakuwa na busara wala hayakuja kwa wakati wake. Yaani, subirini. King alianza kuwajibu kwenye pambizo za gazeti.

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema mshawishi ana njia tatu. Ethosi ni jinsi yeye mwenyewe anavyoonekana: ana busara? Ananitakia mema? Pathosi ni kugusa hisia. Logosi ni hoja na ushahidi wake. Wengi hudhani hii ya tatu ndiyo kubwa lao. Lakini Aristotle, pamoja na mapenzi yake yote kwa mantiki, aliona kwamba tabia ya msemaji inakaribia kuzishinda zote.

Ndiyo maana King hakuanza kwa kufoka. Aliwaita wapinzani wake wachungaji wenzake, akakiri kwamba wana nia njema, akaeleza kuwa Birmingham alialikwa, hakujipeleka tu. Baadaye, katika kutofautisha sheria ya haki na ya dhuluma, aliwategemea Augustine na Thomas Aquinas, wanateolojia wakuu wa Kanisa la kale, watu ambao kiongozi wa dini hawezi kuwapuuza hivihivi. Hapo ni ethosi au logosi? Zote mbili, na kuzitenganisha ni kazi ya chumba cha mtihani.

Sasa ile sentensi. Imejengwa kwa takriri: kishazi tegemezi cha namna ya "unapo-" kinarudi, kinarudi tena. Unapolala garini usiku baada ya usiku kwa kuwa hakuna nyumba ya wageni itakayokupokea. Unapojikuta ulimi mzito ukimweleza binti yako wa miaka sita kwa nini haruhusiwi kuingia kwenye bustani ya burudani aliyoiona ikitangazwa kwenye televisheni. Kila kishazi kinaahidi kishazi kikuu, na hicho hakiji. Msomaji anaitafuta nukta, haioni. Hatimaye kishazi kikuu kinafika, kifupi na kitulivu: hapo ndipo mtaelewa kwa nini tunaona vigumu kusubiri.

Mtego umefyatuka. Aliyeshauri subira amesubirishwa, ndani ya sarufi, na King hakuhitaji hata kumwambia kwamba kusubiri kunauma.

Takriri ina matumizi ya bei rahisi pia. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani walionyesha kwamba kauli tuliyokwisha kuisikia huelekea kutuonekea ya kweli zaidi, hata kama ni ya uongo. Kaulimbiu za matangazo na za kampeni huishi kwa udhaifu huo. Zinarudiwa mpaka zinate, basi. Kipimo changu ni kuondoa marudio na kutazama kilichobaki. Kaulimbiu nyingi hubaki tupu.

Sentensi ya King ukiikata vipande kumi, visa vyote vinabaki, hoja inabaki, hata uchungu wa yule binti unabaki. Ila sasa kuna nukta baada ya kila kisa, msomaji anapumua, na mtu aliyekwisha kupumua ana nafasi ya kusema tena: sawa, lakini subirini kidogo.