Injini ya chelezo si ya kukimbilia

Chelezo kikubwa cha maboya ya kujazwa hewa, chenye injini, kinaposhuka mtoni, kasi yake karibu yote ni ya mto. Injini ina kazi nyingine kabisa: kukusogeza kushoto au kulia kabla maji hayajakuamulia. Nalisema hili mapema kwa kila rafiki anayetaka kuungana na kikundi chetu cha chelezo hapa Kisumu, kwa sababu wengi wetu tumekulia kando ya boti za wavuvi wa Dunga, ambako injini kubwa ni kuwahi soko mbuta wakiwa bado wabichi. Mtoni hesabu ni tofauti. Ndiyo maana chombo chetu tunakiunda kuanzia nyuma kwenda mbele, pale injini inaponing'inia.

Vyombo vya aina hii vilianzia kwenye mto Colorado, Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la huko liliuza maboya ya mpira yaliyokuwa yakibeba madaraja ya muda. Katika miaka ya 1950 mwanamama Georgie White aliyafunga matatu ubavu kwa ubavu, akaweka injini kwenye lile la kati, akawa anawapitisha watu Grand Canyon kwa makundi, wakichangiana gharama. Wazo lake lilikuwa la nguvu: chombo kikiwa kirefu kuliko wimbi, hakitumbukii kati ya wimbi na wimbi, kinalala juu ya yote mawili. Mpaka leo vyelezo vya huko vina urefu wa mita 10 hivi, vinabeba watu zaidi ya kumi, na vinasukumwa na injini ya nguvu za farasi 30 tu. Injini za farasi 40 zipo kwenye boti nyingi za Ziwa Victoria, kwa hiyo nguvu ya kutosha tunayo tayari ufukweni.

Mito yetu ni miembamba na ina kona kali, basi sisi tuliishia mita 8. Tunaipenda Nzoia wakati wa mvua ndefu, inapopita kwenye mashamba ya miwa imejaa na rangi yake ya kahawa. Sondu ni nzuri kwa macho, lakini chini ya banio (ukuta wa kuzuia maji) la umeme la Sondu-Miriu maji mengi huingizwa handakini kwenda kuzungusha mitambo ya megawati 60, na mawe yanayobaki wazi yangemchosha mtu mwenye mtumbwi, sembuse sisi.

Maboya makuu ni mawili, kila moja na kipenyo cha sentimita 60. Ukipiga hesabu, boya moja lina mita za ujazo 2.26, na kila mita ya ujazo inayozamishwa hubeba kilo 1,000. Maboya yote mawili yakizama kabisa yangebeba zaidi ya kilo 4,500. Hatupakii zaidi ya theluthi moja ya hapo. Watu wanane, fremu, injini, petroli na maboya yenyewe hufika kilo 1,100 hivi, na ile nafasi inayobaki ndiyo inayokuinua tena wimbi likishakufunika. Kila boya lina kuta za ndani zinazoligawa vyumba, kila chumba na valvu yake, ili mwamba ukilipasua sehemu moja mwendelee kuelea mpaka ukingoni.

Upepo wenyewe haujazwi kama wa tairi. Tairi ya gari hupata psi 30 hivi (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa). Boya la chelezo linahitaji 2.5 tu, kwa kuwa ni pana mno na kitambaa chake huvutika kwa nguvu kubwa. Na jua la Kisumu lina habari zake. Hewa iliyofungiwa ikipanda joto kwa nyuzi 30, kipimo cha 2.5 kinakaribia 4, na hapo mishono ndiyo inayoumia. Chelezo kikikaa ukingoni adhuhuri, fungua valvu utoe kidogo. Kikiingia majini kitapoa na kulegea. Ongeza tena kabla ya kuondoka. Mtu mmoja apewe pampu na kipimo, na asipewe kazi nyingine asubuhi hiyo.

Sasa nyuma. Fremu tumeitengeneza kwa mabomba ya chuma na mafundi wa jua kali karibu na soko la Kibuye, ikiwa vipande vitatu vilivyounganishwa kwa minyororo mifupi. Wapo mafundi waliotaka kuichomelea iwe kipande kimoja, na nawaelewa, maana fremu ngumu inapendeza kutazama. Lakini chelezo kinapopanda wimbi kinapinda mgongo, na fremu isiyopinda itakata maboya au itakatika yenyewe. Kipande cha nyuma kina uwazi kati ya maboya mawili, na ndani ya uwazi huo ndimo injini inakaa, imekingwa pande zote mbili. Mtu akianguka ubavuni hakutani moja kwa moja na propela, na juu ya hayo tumeizungushia kizimba cha nondo.

Kibao kinachobeba injini hakijafungwa kwa bolti za kudumu. Kiko kwenye bawaba, kina mkono mrefu wa bomba, na mshika usukani akiuvuta injini inapanda karibu sentimita 40 kwa pigo moja. Hiki ndicho kifaa ninachokithamini kuliko vyote kwenye chelezo, injini yenyewe ikiwemo. Maji ya Nzoia hayaonyeshi chini. Mwamba unaujua unapokuwa tayari chini yako, na muda ulionao ni wa kuvuta mkono mara moja tu. Injini ikiwa kwenye gia ya mbele, hata ukichelewa, mguu wake hugonga na kuruka juu wenyewe, na mpira ulio ndani ya kitovu cha propela huteleza kabla gia hazijavunjika. Ukiweka rivasi, kufuli huishika injini isiinuke, na mwamba haukuhurumii. Kwenye maji yenye mawe, rivasi tunaiacha kabisa.

Kitu kingine ambacho wauzaji wa injini hawakutajii: mwinuko unakula nguvu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300. Farasi 40 za kwenye kitabu ni kama 35 hapa ziwani, na ukipanda kuelekea Webuye zinapungua zaidi. Tunachagua propela yenye mapanga ya mlazo mdogo, inayosukuma kwa nguvu mwendo ukiwa wa chini. Majaribio hatuyafanyii ghubani magugumaji yakiwa yamefunga; yanajisokota kwenye propela na kuziba tundu la maji ya kupoza.

Kuendesha kwenyewe ni kupanga mapema. Povu jeupe nusu yake ni hewa, na propela ikiingia humo inapiga kelele bila kushika kitu. Kwa hiyo ndani ya poromoko injini yako ni kama haipo, na njia uliyoichagua juu, maji yakiwa bado laini, ndiyo utakayoishuka. Angalia herufi V zinazochorwa na maji: ncha ikitazama chini ya mto, hapo katikati ya mawe mawili kuna mlango, ncha ikikutazama wewe, kuna jiwe. Uelekeze mdomo wa chelezo mshazari kuelekea upande unaoutaka, ongeza mafuta, vuka mkondo, kisha nyoosha. Kumbuka kwamba ukigeuza mdomo kulia, mkia unatupwa kushoto, na mkiani ndiko injini iliko. Geuza kabla jiwe halijawa karibu. Na usikate mafuta kwa hofu, maana injini isiyosukuma haina usukani.

Tunachokiogopa zaidi ni kukwama ubavu kwenye mwamba. Maji yaendayo mita 3 kwa sekunde yakigonga ubavu wa mita 8 uliozama nusu mita, yanasukuma kwa uzito wa karibu tani mbili. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Hakuna kikundi cha marafiki kitakachokitoa chombo hapo kwa mikono. Kikielekea kugonga, wote wanarukia upande wa mwamba, ule ule ambao mwili unataka kuukimbia, ili boya la upande maji yanakotoka liinuke na maji yapite chini yake.

Maporomoko ya Nabuyole, kwenye Nzoia, hatuyakaribii, wala banio lolote, hata lile linaloonekana dogo, kwa sababu maji chini ya banio hujizungusha na kumrudisha mtu palepale. Mto ukibeba magogo tunarudi nyumbani. Tunamalizia safari mapema kabla ya Budalang'i, kwenye maji mapana ya viboko.

Kila mtu anavaa jaketi la kuelea na kofia ngumu, na mshika usukani amejifunga mkononi kamba ya kuzimia injini. Sauti ya amri ni moja, ya anayeshika usukani, hata kama kati ya abiria yupo aliye mkubwa wake kwa umri. Mzee huyo ataheshimiwa ukingoni kama kawaida. Injini ya pili, ndogo, ya farasi 15, inalala mbele imefungwa kwa mikanda ya lori. Mwezi mmoja kabla ya msimu tunakwenda ziwani jioni upepo ukitulia, tunazima ile kubwa makusudi na kubadilisha tukiwa tunaelea, wawili wakishika makasia na wawili wakinyanyua, mpaka kazi yote ifanyike bila mtu kuuliza bolti iko wapi.