Maji ya Rejeta Yanapungua na Chini Hakuna Tone

Katika karakana ya chuo chetu cha ufundi hapa Malindi, wenye magari ya zamani hutuletea lalamiko moja tena na tena: kila baada ya siku chache hubidi waongeze maji kwenye rejeta, ilhali mahali gari linapolala pamekauka. Wengi hufika wakiwa wameshaambiwa kwamba gasketi ya silinda hedi (bamba jembamba linaloziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na mwili wake) imeungua na kwamba injini sharti ifunguliwe. Huenda ikawa kweli, lakini kufungua injini ni kazi ya mwisho, si ya kwanza.

Maji ya rejeta hayatumiki yakaisha kama petroli. Yakipata moto hutanuka na kuingia kwenye chupa ya akiba, na injini ikipoa hufyonzwa yakarudi rejetani. Kwa hiyo yakipungua, yametoka mahali: ama yamevuja nje, ama yamemwagikia ndani ya gari, ama yameingia ndani ya injini yenyewe.

Kinachowapoteza watu ni presha. Juu ya kifuniko cha rejeta cha magari mengi ya Kijapani pameandikwa 0.9 au 1.1, na hicho ndicho kiwango cha presha ambacho springi yake hukizuia. Kwa presha hiyo maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali hukaribia 120. Ufa mdogo usiotoa hata tone gari likiwa limepoa hufunguka gari likiwa mwendoni, na kinachotoka hukauka papo hapo juu ya chuma cha moto. Springi hiyo ikilegea, maji huchemka mapema na kumwagikia njiani bila ya dereva kujua. Tena mpira mwembamba unaokwenda kwenye chupa ukipasuka, rejeta hufyonza hewa badala ya maji, na chupa hubaki imejaa huku rejeta ikipungua. Ndiyo maana tunasisitiza kutazama ndani ya rejeta yenyewe, asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Kifuniko hakifunguliwi kamwe injini ikiwa moto.

Mzee mmoja kutoka Mambrui alituletea Corolla ya miaka ya 1990 ambayo alikuwa ameshatajiwa bei ya kufungua hedi. Aliniuliza, "Mwanangu, haya maji yanywewa na jini?" Tulifunga pampu ya kupimia kwenye mdomo wa rejeta, tukajaza hewa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, tukaacha. Baada ya robo saa mshale ulikuwa umeshuka, na chini hapakuwa na kitu. Mwanafunzi akaingiza tochi na kioo kidogo chini ya pampu ya maji, na hapo, kwenye kitundu ambacho watengenezaji hukiacha kwa makusudi ili sili inayozuia maji ikichakaa, maji yajionyeshe, palikuwa na mstari wa waridi mwembamba kama uzi, umeganda kama chumvi kwenye ukingo wa sufuria. Ilibadilishwa pampu, hedi haikuguswa.

Maji mengine hudanganya kinyume chake. Katika unyevu wa pwani yetu, gari lenye kiyoyozi hudondosha maji mengi chini, na hayo si kasoro: ni meupe, mepesi, hayana harufu. Kulanti, yaani dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, huteleza mkononi na hunukia utamu. Usiionje, na ikimwagika ifute, kwa kuwa glikoli iliyomo ni sumu na mbuzi na paka wanaozurura mitaani huweza kuinywa.

Kuna sehemu moja ambayo mafundi wa huku huisahau kwa sababu hakuna anayeitumia: hita. Nani awashe hita Malindi? Hata hivyo, nyuma ya dashibodi mna rejeta ndogo, na katika magari mengi maji huipitia muda wote. Ikitoboka, zulia la upande wa abiria hulowa na kioo cha mbele hupata ukungu wenye mafuta.

Gasketi nayo ina dalili zake. Moshi mweupe huendelea hata injini ikishapata moto; mpira wa juu wa rejeta hukakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi; plagi moja hutoka safi kuliko wenzake; au oili kwenye kijiti cha kupimia hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Utando kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi, maana safari fupi za mjini huweza kuuleta. Kipimo cha kutegemea ni dawa ya buluu iliyo ndani ya kichupa kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma: moshi wa injini ya petroli ukiwamo, hugeuka manjano. Asiyekufanyia kipimo hicho asikufungulie injini.

Wakati uchunguzi unaendelea, usiongezee maji ya kisima. Maji ya visima vyetu hupita katika mwamba wa matumbawe, mengi yana chokaa na chumvi. Chokaa huziba vijia vya rejeta na chumvi hula alumini. Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi.

Kabla ya kuja karakana, weka alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya akiba, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, na baada ya wiki tazama tena, chupa na rejeta pia. Gari linalopungukiwa hata likiegeshwa tu litaanziwa kwenye mipira, klipu na hita. Linalopungukiwa likienda Mombasa na kurudi, lakini si likizunguka mjini, litaanziwa kwenye kifuniko na hedi.