Ufadhili wa pamoja wa miradi ya maji: maana yake, na namna ya kuuomba ukiwa Lamu

Ufadhili wa pamoja ni mpango ambao serikali hubeba sehemu kubwa ya gharama za mradi, na wale watakaoutumia hubeba iliyobaki kwa fedha taslimu, kwa kazi ya mikono au kwa mali. Fedha za serikali hapa hazirudishwi kama mkopo. Lakini mchango wa jamii ni sharti: usipoonekana, fungu la serikali halitoki.

Wengi huona sharti hili kama mzigo wanaotwishwa maskini, na nawaelewa. Familia inayonunua maji kwa madumu yanayoletwa na punda wakati wa kaskazi haina akiba ya kuchangia mradi. Hata hivyo, nimeona mara nyingi kwamba mradi ambao hakuna mwenyeji aliyeutolea jasho huharibika pampu mara moja tu, na hapo ndipo unapokufa, kwa sababu kila mtu humngojea aliyeuleta arudi kuutengeneza. Nauunga mkono mchango, ilimradi uhesabiwe kwa haki. Nitaeleza hesabu hiyo hapa chini, maana ndipo maombi mengi yanapopoteza nguvu.

Nchini Kenya mlango mkuu wa fedha za namna hii ni Mfuko wa Udhamini wa Sekta ya Maji. Ulianza chini ya Sheria ya Maji ya 2002, na sasa unaendeshwa kwa Sheria ya Maji ya 2016, ambayo inautaka utoe ruzuku kwa sehemu zilizoachwa nyuma na inataja waziwazi juhudi za jamii za kutunza rasilimali za maji. Fedha zake hutoka serikalini na kwa wafadhili wa nje, na ndiyo maana masharti na kiwango cha mchango hubadilika kutoka tangazo moja la kuita maombi hadi jingine. Soma tangazo la mwaka huu, usitegemee la jirani aliyefaulu zamani.

Kabla ya kuandika chochote, kamati iamue inaomba nini: rasilimali ya maji au huduma ya maji. Rasilimali ni chanzo chenyewe: mto, ziwa, kisima, maji yaliyo chini ya mchanga. Huduma ni mabomba, matangi na vioski vinavyofikisha maji kwa watu. Katiba imezigawa kazi hizi. Kulinda vyanzo ni kazi ya serikali ya taifa, na kufikisha maji majumbani ni kazi ya kaunti. Mifuko nayo hugawanya fedha zake vivyo hivyo. Kamati ikiomba tangi la plastiki katika fungu la kutunza vyanzo, maombi yatawekwa kando hata kama kiu ya kijiji ni ya kweli.

Lamu inaonyesha vizuri kwa nini chanzo kinahitaji fungu lake. Mji umetegemea kwa miaka mingi maji ya visima vya Shela. Mvua hunyesha juu ya machuguu ya mchanga, hupenya chini, kisha maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama samli juu ya mchuzi. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hiyo maji yakivutwa hadi kimo kikashuka hata kidogo, chumvi hupanda kwa kasi kutoka chini, na kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu kupona. Ukijenga juu ya mchanga ule au ukiuzoa, unaondoa chujio na ghala kwa pamoja. Mradi wa kuweka mipaka ya machuguu, kupima chumvi ya visima kila mwezi na kupanga zamu za kuvuta maji ni mradi wa rasilimali hasa, ingawa hauna jengo la kuzindua.

Anayeomba fungu la rasilimali kwa kawaida ni jumuiya ya watumiaji wa rasilimali za maji, ile ambayo vijijini huitwa WRUA. Sheria ya 2016 inaitambua. Inapaswa kuandikishwa, kuwa na katiba, viongozi waliochaguliwa na akaunti ya benki, na kuelewana kwa maandishi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Watu wa Lamu wako upande wa bonde la Tana katika mpangilio wa mamlaka hiyo, na wa Malindi wako upande wa Athi, kwa kuwa Sabaki ni mwisho wa mto huo. Jumuiya huanza kwa kuandaa mpango wa kutunza eneo la chanzo: nani anatumia maji, kiasi gani, uharibifu uko wapi, kipi kifanywe kwanza. Ombi la fedha huchota humo. Kamati inayoandika ombi kwanza na kutafuta mpango baadaye hujulikana mapema na wakaguzi.

Sasa hesabu ya mchango. Tuseme kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate kinataka kukarabati jabia lake, ule uwanja wa saruji unaopeleka maji ya mvua kwenye birika. Gharama ni shilingi 2,000,000, na tangazo linataka jamii ichangie asilimia 15, yaani 300,000. Fedha taslimu zilizokusanywa ni 100,000. Zilizobaki zinaweza kutoka mikononi: watu 40 wakifanya kazi siku 10 kila mmoja, kwa ujira wa shilingi 500 kwa siku, ni 200,000 kamili. Lakini mchango wa kazi una thamani ukiwa umeandikwa. Pawe na daftari la mahudhurio lenye jina, tarehe na sahihi, na ujira uwe ule unaolipwa kweli pale kijijini. Mwenye mashua akibeba saruji bure kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, safari zake nazo zihesabiwe kwa nauli ya kawaida. Hapa watu wa visiwani hujidhulumu wenyewe: hunakili bei ya saruji ya dukani Mokowe na kusahau upakiaji, nauli ya mashua, na siku za kungoja maji yajae ili chombo kipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Baadaye fedha huisha jabia likiwa nusu.

Suala la ardhi lisiachwe mwisho. Mfadhili hatajenga mahali ambapo mtu anaweza kufunga lango kesho. Sehemu nyingi za Lamu hazina hati, na visima na mabirika mengi ya zamani ni wakfu wa misikiti. Pata barua ya wasimamizi wa wakfu au ya mwenye shamba, inayosema kwamba wote wataruhusiwa kuteka, na ishuhudiwe na chifu. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji pia uchunguzi wa mtaalamu wa maji ya ardhini na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na gharama hizo ziingie kwenye bajeti.

Maombi yakipokelewa, hukaguliwa kwanza kwa makaratasi, halafu maofisa huja kuona. Wakija, wasizungumze na mwenyekiti peke yake. Kina mama wanaoteka maji ndio wanaojua kisima kipi huingia chumvi mwezi gani, na jibu lao huwa zito kuliko kurasa kumi. Baada ya mkataba, fedha hutolewa kwa awamu, na awamu ya pili hungoja risiti za ya kwanza.

Kuna milango mingine yenye masharti tofauti. Mfuko wa Usawazishaji, wa kifungu cha 204 cha Katiba, hutengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Lamu na Kilifi zilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo. Fedha zake haziombwi na kijiji kwa mchango wake. Na kupitia FLLoCA, mpango wa kukabili mabadiliko ya tabianchi unaosaidiwa na Benki ya Dunia, kamati za wadi hupendekeza miradi, ya maji ikiwemo. Hapo kinachohitajika ni kuhudhuria kikao cha wadi na kusema.

Ombi likikataliwa, andikeni barua ya kuuliza sababu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kuamua ombi la habari, na sababu zilizoandikwa ndizo kamati itakazozifanyia kazi kabla ya tangazo lijalo.